Shukrani ya kila siku nyumbani kwa Mkristo: ipi itadumu kwako?

Wazazi Wakristo hatuhitaji kufundishwa kwamba kushukuru ni wajibu. Tumelisikia tangu shule ya Jumapili, tunalisoma kwenye vioo vya daladala, na mtu akituuliza habari za nyumbani tunajibu "tunamshukuru Mungu" kabla hata hatujawaza. Kazi iko kwingine: Jumanne usiku umerudi umechoka, mmoja ana homework, mwingine amegoma kula maharage, na wewe unataka watoto hawa wakue wakiwa watu wa shukrani kweli, si wa kutamka tu. Ufanye nini hasa, na saa ngapi?

Njia ziko nyingi, na kila mchungaji, kila mama wa jumuiya na kila ukurasa wa malezi una yake. Nimeziweka hapa mbilimbili kama zinavyoshindana majumbani kwetu. Kila moja naiuliza mambo matatu: itafanyika hata siku ambayo mzazi hana nguvu? Inamfaa mtoto wa umri gani? Na mwisho wake shukrani inamfikia nani? Hilo la tatu ndilo lenye uzito kwangu, na litaonekana.

Mezani au kitandani

Sala ya chakula ina faida ambayo hakuna njia nyingine inayo: haihitaji kukumbukwa. Watu watakula, kwa hiyo wataomba. Mtoto wa miaka miwili anajua kufumba macho mbele ya sahani kabla hajajua Yesu ni nani, na tabia iliyoanza mapema hivyo haing'oki kirahisi. Hasara yake inatokana na faida hiyohiyo. Jambo lisilohitaji kukumbukwa halihitaji kufikiriwa pia, na ugali unapoa. Sala inakuwa sekunde tano za maneno yaleyale, na ukimuuliza mtoto ameshukuru nini, atakutazama tu.

Dawa moja rahisi ni kuihamisha. Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema "nawe utakula ushibe, na utamshukuru BWANA, Mungu wako". Shukrani pale inakuja baada ya kushiba, na Wayahudi hadi leo wana sala ndefu ya baada ya chakula. Wakatoliki nao wana sala mbili, ya kabla na ya baada, ingawa ile ya pili imepotea katika nyumba nyingi. Ukiomba baraka kwa kifupi mwanzoni, kisha shukrani zikaja sahani zikiwa tupu, mtoto anashukuru kitu anachokijua: samaki alikuwa mtamu, na kuna mtu aliyemparua.

Lakini sala ya mezani inadai meza, au walau mkeka mmoja. Kwa familia inayokula pamoja, iwe Machame au Makambako, ndiyo njia ya kwanza na sioni sababu ya kutafuta nyingine. Kwa familia ya Mbagala au Kimara ambayo watoto wanakula saa moja, mama anafika saa mbili na nusu na baba saa nne, chakula cha pamoja ni cha Jumapili tu. Hapo kitanda kinaishinda meza.

Shukrani ya kabla ya kulala ina mizizi mirefu. Ignatius wa Loyola, padre mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, aliweka namna ya kuipitia siku kwa hatua tano, na hatua ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Kutafuta dhambi kunafuata baadaye. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mtoto. Anayefundishwa kuanza na makosa yake kila usiku atalala akimwona Mungu kama mwalimu wa nidhamu, lakini anayeanza na alichopewa ataungama makosa yake mbele ya mtu aliyekwisha kumfanyia wema.

Huna haja ya kuzifuata zote tano. Mimi ningebaki na maswali matatu, chandarua kikiwa tayari kimeshushwa: Leo umefurahia nini? Kimetokeaje? Leo nini kimekuumiza? Kisha sala fupi inayoyabeba majibu yote matatu. Mtoto wa miaka mitatu atasema "biskuti" siku nyingi mfululizo. Mwache, biskuti ni zawadi ya kweli kwake, usimrekebishe ashukuru uzima wa milele. Wa darasa la tano atakushangaza. Kijana wa kidato cha pili hatakubali kukaliwa kitandani, lakini maswali hayohayo yanaulizika mkiosha vyombo, bila kuyaita ibada.

Swali la pili ndilo wazazi hulisahau, nami nalitetea sana. "Umefurahia nini" huzaa orodha. "Kimetokeaje" huzaa watu: nimefurahi kwa sababu Neema alinipa rangi zake, kwa sababu kondakta alinisubiri, kwa sababu bibi alinishonea kifungo. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliwaomba watu wazima waandike mambo matatu mazuri kila usiku kwa wiki moja, pamoja na sababu ya kila jambo kutokea. Hao walikuwa bado na furaha zaidi miezi 6 baadaye, hasa walioendelea wenyewe bila kuambiwa. Zoezi lenyewe halikuwa na dini ndani yake, na Mkristo ana jibu la ziada la kumpeleka mtoto mbele zaidi, maana nyuma ya Neema na kondakta na bibi yuko aliyewaumba. Lakini asiwaruke hao watu akiwa njiani kwenda kwa Mungu.

Udhaifu wa kitanda ni saa. Mtoto anayepitiwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala mapema, na mzazi wa zamu za usiku hayupo. Akina mama wanaofanya kazi Muscat au Riyadh huku watoto wakilelewa na bibi wanaijua shida hii kuliko sisi wote. Kwao ujumbe wa sauti ni kitanda cha kutosha: mama anatuma maswali, mtoto anajibu kwa simu ya bibi, na kesho yake mama anamwombea kwa kumtajia hasa alichosema. Nimeona mawasiliano ya namna hiyo yakidumu kuliko ibada za nyumba ambazo wazazi wote wawili wapo.

Daftari au mdomo

Daftari la shukrani limekuwa maarufu, na lina utafiti nyuma yake. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo katika moja wapo wanafunzi wa chuo waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano wanayoyashukuru. Wengine waliandika kero zao. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake walilipeleka zoezi hilo kwa wanafunzi 221 wa umri wa kuingia ujana, nako waliokuwa wakihesabu mema walitofautiana wazi na waliohesabu kero. Sonja Lyubomirsky naye aligundua kwamba waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki walifaidika, ila waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuonyesha faida hiyo. Naona sababu inaeleweka: orodha ikiwa ya kila siku inageuka kazi ya darasani.

Kwa hiyo ukichagua daftari, liwe la wiki. Linamfaa mtoto anayeandika bila taabu, tuseme kuanzia darasa la nne, na linamfaa zaidi yule mkimya ambaye swali la kitandani linamkaba koo. Likiwa lake, usilisome bila ruhusa.

Kopo la vikaratasi, ambalo watoto hupenda kulipamba, ni tawi la daftari. Kwa wadogo linafurahisha kwa muda, kisha linajaa vumbi juu ya kabati. Sina zaidi la kusema juu yake.

Upande wa pili ni mdomo, na hapa sisi ni matajiri kuliko tunavyojijua. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ulienea kwa ushuhuda: watu wa kawaida wakisimama mmoja mmoja kueleza Mungu amewatendea nini. Makanisa yetu mengi bado yana nafasi hiyo. Nyumba zetu, kwa namna ya ajabu, nyingi hazina. Baba anasimama Jumatano kwenye maombi kueleza jinsi alivyopona ajali ya barabarani, na mwanawe wa miaka kumi anazisikia habari hizo kwa majirani.

Mtoto anahitaji kuijua historia ya Mungu ndani ya nyumba yake. Ada ya muhula ule ilipatikanaje? Nani alimpeleka mama hospitali usiku ule alipojifungua? Kiwanja hiki tulikipataje? Katika Yoshua sura ya 4 Waisraeli waliambiwa watoe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wapate pa kuanzia kusimulia. Jiwe lilikuwa la kukumbusha, na kazi yenyewe ikafanywa na mdomo.

Ndiyo maana kati ya daftari na mdomo nachagua mdomo, kisha naliweka daftari liusaidie. Namaanisha daftari moja la nyumba nzima, la kawaida la dukani, likae mahali kila mtu anapoliona. Jumapili jioni mmoja anaandika tarehe na jambo moja au mawili yaliyotokea wiki hiyo. Tarehe 31 Desemba, kabla ya kwenda mkesha, linasomwa kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Miaka mitatu ya daftari la namna hiyo ina mafundisho ambayo hakuna mhubiri mgeni anayeweza kuyaleta, kwa kuwa ndani yake mna majina ya watu ambao watoto wanawajua.

Sadaka au mtu

Sadaka ya shukrani inajulikana kwetu sote. Familia inakwenda mbele na bahasha kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, mahafali, kupona. Kwenye sikukuu ya mavuno watu wanafika na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku aliyefungwa miguu, na baada ya ibada mnada unaanza nje ya kanisa. Mtoto anayebeba mayai yake mwenyewe hadi madhabahuni anajifunza kwa mwili mzima kwamba shukrani ina gharama. Maneno hayafiki hapo.

Ila si ya kila siku. Inakuja mara chache kwa mwaka, na ina hatari ambayo lazima itajwe: mtoto ana macho. Akiona bahasha nene zinashangiliwa na nyembamba zinapita kimya, atahitimisha kwamba wenye nacho ndio wanaoshukuru. Marko 12:41-44, habari za mjane na senti zake mbili, isomwe nyumbani Jumamosi kabla ya mavuno. Na atoe kilicho chake, hata kama ni shilingi mia mbili za andazi. Noti uliyomshikisha mlangoni mwa kanisa ni sadaka yako wewe.

Sasa upande wa mtu, ambao ndio sababu ya mimi kuandika haya yote. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa. Wote kumi walitii na kushika njia ya kwenda kwa makuhani, hivyo huwezi kuwaita waasi. Mmoja, Msamaria, ndiye aliyerudi kwa miguu yake hadi kwa aliyemponya. "Wale kenda wa wapi?" Yesu aliuliza. Shukrani aliyoisifu ilikuwa ya mtu aliyegeuka na kurudi.

Tazama sasa nyumba nyingi za Kikristo mjini. Baba anaomba, "Tunakushukuru kwa chakula hiki na ubariki mikono iliyokiandaa," na yenye mikono hiyo ni dada wa kazi, binti wa miaka ishirini aliyesimama mlangoni mwa jikoni, ambaye hakuna aliyemwambia ahsante tangu asubuhi. Watoto wanasikia sala na wanaona mlango. Watajifunza kutoka kwenye mlango.

Kwa hiyo ninaiweka njia hii juu ya zote: kila wiki mtoto amchague mtu mmoja, amfuate, amshukuru kwa jambo lililotajwa wazi. Dada kwa kumfulia soksi. Mlinzi kwa kumfungulia geti kwenye mvua. Mwalimu, babu, kondakta wa basi la shule. Awape heshima yao, shikamoo kwanza, na aseme mwenyewe, mzazi asimsemee. Katika majaribio yaleyale ya Seligman ya 2005, kundi lililoandika barua ya shukrani na kumpelekea mhusika mkononi ndilo lililopata furaha kubwa zaidi mwanzoni, ingawa baada ya mwezi hivi ilikuwa ikipungua. Ukiilinganisha na mambo matatu ya usiku, yanayopanda polepole na kukaa muda mrefu, utaona kwa nini mbili hizi zinafaa kuishi pamoja: usiku ndipo jina linapatikana, mchana ndipo anapofuatwa mwenye jina.

Na usiishie kwenye ahsante. Mwaka 1938 mtafiti Franziska Baumgarten-Tramer wa Uswisi aliwauliza watoto wa miaka 7 hadi 15 wangemfanyia nini mtu ambaye angewatimizia hamu yao kubwa kuliko zote. Wengine walisema wangemshukuru tu. Wengine, hasa wadogo, wangempa kitu ambacho wao wenyewe wanakipenda. Wengine walifikiria yule mtu angependa nini. Mzazi ana kazi ya kumsogeza mtoto hadi huko kwa swali jepesi: "Dada yeye angefurahi nini?" Majibu yake yanaweza kumgusa mzazi pia. Angefurahi kulipwa mshahara tarehe iliyosemwa. Angefurahi Jumapili ya kupumzika, akasali kanisani kwake. Hapo shukrani ya mtoto itakudai na wewe, na ni halali ikudai.

Siku isiyo na la kushukuru

Njia zote zinaonekana nzuri wiki ambayo hakuna msiba. Zipime kwa ile nyingine: bibi amefariki, baba amepunguzwa kazini, mtoto amefeli.

"Taja mambo matatu mazuri" inavunjika hapo, tena ikilazimishwa inamfundisha mtoto kumdanganya Mungu. Sala ya mezani inasimama imara, kwa kuwa inaomba kidogo tu, na chakula kipo. Daftari likae kimya, nafasi iachwe tupu na tarehe. Kitanda kinafanya kazi ikiwa lile swali la tatu, la kilichokuumiza, lilikuwepo siku zote na halijaletwa kwa dharura. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini, na ni mistari sita tu hadi anapoimba. Msomee mtoto yote, na usimharakishe kufika wa sita.

Kuna maneno mawili ningeyaondoa kabisa nyumbani. La kwanza ni "shukuru, kuna watoto hawana hata hiki." Tunalisema kwa nia njema, lakini linafanana mno na yule Farisayo wa Luka 18:11 aliyemshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine. Kama kuna jirani hana chakula, mpelekeni. La pili ni "shukrani ya punda ni mateke", linalorushwa kwa kijana kila anapompinga mzazi. Baada ya kulisikia mara nyingi ataamini kwamba kushukuru maana yake ni kunyamaza.

Kulingana na nyumba yako

Wenye watoto chini ya miaka mitano: sala ya mezani, na ahsante kwa watu, basi. Wanaosoma shule ya msingi: maswali ya kitandani kila siku inapowezekana na mtu mmoja kila wiki, kama ni lazima kuacha kimoja, acha vyote vingine kabla ya kuacha mtu. Vijana: waulizwe kimya kimya, wapewe daftari lao, na wasikie ushuhuda wa wazazi wao, hasa wa mambo ambayo hayajakwisha.

Mzazi anayelea peke yake asijitwishe ratiba. Usiku mmoja au miwili kwa wiki, ile ambayo una pumzi, inatosha kabisa, na Jumapili isindikize. Kwenye nyumba ambayo mmoja ni Mkristo na mwenzake Mwislamu, kama zilivyo nyingi Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, kumshukuru mtu na kushukuru baada ya kula ni mahali ambapo wazazi wote wawili wanaweza kusimama bila kuvutana. Sala ya kitandani ikubaliwe kwanza kati yao, watoto wakiwa hawapo.

Aliye na mtoto bweni hana meza wala kitanda. Amwekee kwenye begi bahasha tatu au nne na karatasi, moja imeandikwa jina la matroni, nyingine ya mpishi, nyingine iachwe bila jina. Siku ya kutembelea, kabla ya kuuliza matokeo ya mtihani, amuulize ile isiyo na jina alimpa nani.